Fahamu: Kwa nini maziwa humsumbua mtu mzima?

Ukinywa maziwa freshi pale Chanji, Sumbawanga, tumbo likaunguruma, huenda jeni yako ya laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi (sukari ya maziwa), ni nzima kabisa. Mwili huipunguza kasi baada ya utoto. Kwa wengine haipungui, hasa wafugaji.

Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Kwa wanaomudu maziwa wakakuta badiliko la herufi moja ya DNA, G kuwa C, takriban herufi 14,000 kabla ya jeni ya laktesi, ndani ya jeni jirani! Wakaunganisha kipande cha DNA chenye badiliko hilo na jeni ya mwanga ya kimulimuli, wakakiingiza kwenye seli za utumbo maabarani. Mwanga ukaongezeka, ishara kwamba badiliko hilo huongeza kasi ya jeni.

Maziwa mgando husumbua kidogo: bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.