Himalayan Mpya au Ile Niliyo Nayo? Hesabu ya Piki kwa Mtu wa Masalani

Novemba 2023 kampuni ya Royal Enfield ya India ilizindua pikipiki yake mpya ya safari, Himalayan 450, na ile ya cc 411 iliyokuwa sokoni tangu 2016 ikaachwa kutengenezwa. Mimi ninayo hiyo ya 411, niliyoinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa ameitumia. Tangu mpya itoke, kila nikikaa kwa chai hapa Masalani huulizwa swali moja: utabadilisha lini?

Swali hilo nimelifanyia hesabu kwa miezi kadhaa. Naieleza hapa kwa sababu najua kuna wenzangu Hola, Garsen, Malindi na Lamu wanaosumbuka na swali hilo hilo, na wengine wanaotaka kutoka kwenye Boxer waingie piki kubwa kwa mara ya kwanza. Piki zaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kupiga hesabu ni moja.

Kilichobadilika hasa

Tuanze na vitu vinavyopimika. Injini ya zamani ina cc 411, hupozwa kwa upepo na oili, na hutoa nguvu farasi 24 na kidogo. Mpya ina cc 452, hupozwa kwa maji, na nguvu yake inakaribia farasi 40. Gia zilikuwa tano, sasa ni sita. Tangi lilikuwa la lita 15, sasa ni la lita 17. Uzito haukubadilika sana: ya zamani ni kilo 199, mpya ni kilo 196. Kiti kimepanda kutoka milimita 800 hadi 825, na tumbo la piki limeinuka kutoka milimita 220 hadi 230 juu ya ardhi.

Ukizisoma tarakimu hizo ukiwa Mombasa, jibu ni rahisi. Nguvu imeongezeka kwa zaidi ya nusu na uzito umepungua, basi nini cha kufikiria? Kwenye lami nakubali kabisa. Nilipewa ya rafiki yangu niijaribu kati ya Malindi na Gongoni, na ukweli lazima usemwe: ile ni piki nyingine. Unapita lori bila kuomba dua, na mwendo ambao yangu huanza kulalamika, yeye ndiyo kwanza anapumua.

Lakini nguvu ya piki si tarakimu moja. Kuna nguvu ya mbio, na kuna nguvu ya kusukuma gurudumu liondoke mahali lilipokwama. Hiyo ya pili hupimwa kwa nyutoni mita. Ya zamani hutoa nyutoni mita 32, na huzifikia mapema, injini ikizunguka mara 4,000 hadi 4,500 kwa dakika. Mpya hutoa 40, lakini kilele chake kiko kwenye mizunguko 5,500. Maana yake ni kwamba ukienda polepole kama mtu anayetembea, kwenye mchanga au tope, injini ya zamani hufanya kazi ikiwa imetulia, nayo mpya hukutaka uizungushe zaidi au uichezee klachi. Kwa anayepita mchanga mara moja kwa mwezi, hilo si kitu. Kwa anayepita kila siku, ni jambo la kulitia kwenye hesabu.

Ardhi yetu ndiyo mwamuzi

Masalani ni makao makuu ya Ijara, upande wa mashariki wa Mto Tana. Hola iko ng'ambo, na ndiko iliko ile barabara ya kutoka Garsen kwenda Garissa. Huku kwetu, ukitoka mjini kwenda Ijara, Sangailu au Hulugho, unaingia kwenye mchanga, na baada ya mchanga, udongo mweusi.

Udongo mweusi ni jambo la kulielewa kabla ya kununua piki yoyote. Kiangazi hukauka ukapasuka nyufa, na gurudumu la mbele likiingia kwenye ufa, usukani hukutoka mikononi. Mvua ikinyesha hunywa maji, huvimba, na kugeuka gundi. Hunata kwenye tairi, tairi hulipeleka tope kwenye madigadi, tope hujaa pale hadi gurudumu halizunguki tena. Hapo hata uwe na farasi mia, hazikusaidii. Unashuka, unatafuta kijiti, unachokoa. Ukimaliza unaenda mita hamsini, unashuka tena. Madigadi ya mbele ya Himalayan zote mbili yamekaa karibu na tairi, kwa hiyo kwenye jambo hili mpya haijaishinda ya zamani.

Na kitu kinachoamua utafika au utalala njiani ni uzito. Piki ya kilo 196 ikilala kwenye tope na mizigo juu yake, mtu mmoja huiinua kwa shida kubwa. Kilo tatu zilizopungua huzisikii. Kijana wa bodaboda na Boxer yake hushuka, akaisukuma, akakupita huku akikupungia mkono. Kwa hiyo yeyote anayeniambia piki kubwa ni ya barabara mbaya, humuuliza: mbaya ya namna gani? Mashimo na mawe, ndiyo, shoki ndefu za Himalayan huyameza. Tope jeusi, piki nyepesi ndiyo bingwa.

Kazi ya piki yangu

Sipandi piki kwa starehe peke yake. Nafanya kazi ya afya ya mifugo, na piki ndiyo hubeba kisanduku cha baridi chenye chanjo, ambayo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kila saa ninayopoteza njiani ni barafu inayoyeyuka.

Wanaokumbuka mwisho wa 2006 wanajua ninachosema. Baada ya mvua kubwa na mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na Ijara, kisha ikaenea. Hadi ilipoisha mwaka 2007 ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini, mbali na mifugo isiyohesabika na biashara ya nyama iliyofungwa. Ugonjwa huo huja na mbu, na mbu huja na maji yaliyotuama. Chanjo inatakiwa ifike kabla ya mvua, wakati njia ni kavu. Ugonjwa ukishaingia, kuchanja kundi kwa sindano kunaweza kuusambaza zaidi. Wakati huo kazi hugeuka kuwa ya kufuata habari: mbuzi na kondoo wanatupa mimba boma gani, watu wangapi wana homa, sampuli ipelekwe wapi.

Tazama basi piki inatakiwa ifanye nini. Kiangazi ibebe mzigo mzito mbali, kwenye joto na mchanga, bila kuzimika. Na mvua ya masika au ya vuli, ambazo majirani zangu Wasomali huziita gu na deyr, ifike mahali ambapo gari halifiki. Siku piki inapohitajika zaidi ndiyo siku barabara ilivyo mbaya zaidi. Mwisho wa 2023 mafuriko ya El Niño yalipoikata hata barabara kuu pale Madogo, karibu na Garissa, hakuna aliyekuwa akiuliza nguvu farasi.

Liko pia jambo la usalama, na halifichiki. Ukanda wa msitu wa Boni umekuwa chini ya operesheni tangu 2015. Huku hatusafiri usiku, na kwenye kizuizi cha askari piki ngeni huulizwa maswali mengi kuliko piki inayojulikana. Yangu imeshazoeleka. Hata jioni, twiga wanapovuka njia, mwendo wa kasi ni hatari kuliko faida.

Nani ataitengeneza?

Fundi wangu hapa Masalani anajua Boxer na TVS kama anavyojua viganja vyake. Yangu amejifunza kidogo kidogo. Ina valvu mbili tu, na kuzirekebisha ni spana na kipimo cha unene. Nilipomwonyesha picha za injini mpya, valvu nne, kemshafti mbili juu, rejeta mbele, na eksileta isiyo na waya, akacheka.

"Daktari," akaniambia, "hii ikikataa kuwaka, mimi nitakusaidia kuisukuma tu."

Si kwamba mpya ni mbovu. Piki zote mbili zina sindano ya mafuta na kompyuta yake, kwa hiyo hakuna iliyo salama kabisa na petroli ya kuuzwa kwenye vibuyu. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo wa kuyachanganya, lakini mchanga na maji ndani ya kibuyu havijui ushuru. Ila kila kinachoongezwa ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kukuacha njiani. Rejeta ikitobolewa na mwiba au jiwe, safari imeisha. Waya wa mafuta ukikatika kwenye yangu, naubadilisha chini ya mti. Sensa ya eksileta ikifa kwenye mpya, unatafuta lori la kukupeleka Malindi.

Hofu yangu upande wa pili ilikuwa vipuri. Piki iliyoachwa kutengenezwa huzeeka haraka vipuri vikikauka. Hapo nilipata nafuu. Januari 2025 kampuni hiyo hiyo ilitoa Scram 440, ambayo injini yake imekuzwa kutoka kwenye ile ya 411. Ukoo wa injini haujafa, na vipuri vingi vitaendelea kutengenezwa kwa miaka.

Pesa

Watu wengi hulinganisha bei ya mpya na bei watakayouzia ya zamani, wakaishia hapo. Hesabu kamili ina mistari zaidi. Kuna tofauti yenyewe ya bei. Kuna gharama za kuhamisha umiliki. Kuna bima, kwa sababu piki ya thamani kubwa huwezi kuiacha na bima ya mtu wa tatu peke yake ukalala usingizi. Kuna safari za kwenda sevisi mjini, mafuta, nauli na siku za kazi zilizopotea. Kuna tairi na vyuma vya kuikinga, ambavyo ulishavinunua kwa ya zamani na sasa unaanza upya.

Nilipoandika yote hayo, kwa bei nilizotajiwa mimi, tofauti iliyobaki ingetosha kununua Boxer mbili mpya na chenji ikarudi. Na hapo ndipo swali lilipobadilika kichwani mwangu. Kama kazi ngumu ni ya tope, na bingwa wa tope ni piki nyepesi, kwa nini nitumie fedha hizo kununua nguvu za lami?

Njia ya tatu

Kati ya kununua na kutonunua kuna kuitengeneza uliyo nayo, na hii wengi huiruka. Tairi za vikonyo vikubwa, mbele 21 na nyuma 17, hubadilisha piki mchangani kuliko farasi kumi. Sproketi ya mbele iliyopunguzwa jino moja huipa piki msukumo zaidi mwendo mdogo, ingawa utapoteza kidogo kwenye lami. Springi ngumu zaidi nyuma hufaa kama hubeba mzigo kila siku. Filta ya hewa isafishwe mara mbili ya inavyosema kitabu, kwa sababu aliyekiandika hakupita hapa mwezi wa Februari. Beba tyubu mbili, pampu, kiungo cha cheni, waya wa klachi na kitambaa safi cha kuchujia petroli. Yote hayo hayafiki sehemu ndogo ya bei ya piki mpya.

Uamuzi wangu, na wako

Mimi sibadilishi. Ya 411 inabaki kwa safari za kiangazi na kwenda Hola, Garsen na Malindi. Akiba ninayoweka ni ya kununua piki nyepesi ya mitumba au Boxer moja ya kazi ya mvua, ili siku habari ya mifugo kutupa mimba ikija kutoka Sangailu, tope lisiwe sababu ya kuchelewa.

Lakini usiuchukue uamuzi wangu ukaufanya wako. Chukua daftari, uandike kwa mwezi mzima kilomita zako: ngapi za lami, ngapi za mchanga, ngapi za tope, na ngapi ukiwa na mzigo au abiria. Anayeishi Malindi, akienda Mombasa kila wiki na Lamu mara moja moja, daftari lake litamwambia anunue 450, na atakuwa amefanya vyema: atafika bila uchovu, na gereji iko karibu. Aliye Ijara au Hulugho, daftari litamwambia mengine.

Kisha umwulize fundi wako, yule utakayempigia simu ukikwama, swali moja kabla ya kutoa hata shilingi: hii utaiweza? Akinyamaza, umeshajibiwa.