C tatu na D nne: hesabu ya kwanza ya mwalimu mtarajiwa

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kuna ushauri unaosikika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa kwa kijana ambaye alama zake hazikung'ara: "Basi, nenda ualimu." Ushauri huo una asili yake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipokusudia kila mtoto aingie darasani, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Ndio walioitwa walimu wa UPE. Walibeba mzigo mzito, na wazee wengi wa leo walishikwa mkono na walimu hao walipoandika jina lao mara ya kwanza. Mlango ule umekwisha kufungwa. Anayetaka kufundisha shule ya msingi sasa hawezi kungoja matokeo ndipo aanze kuufikiria ualimu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Baraza la Mitihani huangalia masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu. Chuo cha ualimu hupokea daraja la kwanza hadi la tatu. Mwenye C tatu na D nne ana 9 na 16, jumla 25: amepenya. Jirani yake mwenye C mbili na D tano ana 26, naye yuko daraja la nne. Kilichowatenganisha ni somo moja tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili wa Nkwenda au Nyaishozi anayeota ualimu achague mapema masomo matatu anayoyamudu, ayakazanie hadi C, na asiruhusu F iingie katika saba zake.

Hatua ya pili ni chuo. Maombi ya vyuo vya serikali hutumwa kwa mtandao Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inapotangaza nafasi. Mkoani Kagera tuna Chuo cha Ualimu Katoke, wilayani Muleba. Anayevutwa na elimu maalumu hutazama Patandi, Arusha. Kwa miaka mingi njia kuu ilikuwa cheti cha Daraja la A, miaka miwili baada ya kidato cha nne, na mhitimu wa kidato cha sita alisomea stashahada. Mageuzi ya sera na mitaala ya mwaka 2023 yanaielekeza safari nzima kwenye stashahada, kwa hiyo fuata tangazo la mwaka unaoomba, si la mwaka aliosoma dada yako.

Chuoni mwanachuo hujifunza saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundishia, huandika azimio la kazi na andalio la somo, hutengeneza zana, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Hapo ndipo wengi hujitambua. Mwishoni hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani.

Hatua ya tatu ni ajira. Zamani mhitimu alipangiwa kituo. Siku hizi huomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, akafanya usaili. Masharti ya kawaida ni uraia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 45, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na vyeti halisi. Hati ya matokeo haitoshi.

Hapa wilaya zetu zina jambo la kulitazama kwa makini. Tunapakana na Uganda na Rwanda, na wapo vijana waliosoma ng'ambo ya mto Kagera. Vyeti vya sekondari vya nje lazima Baraza la Mitihani lithibitishe ulinganifu wake. Jina nalo liwe moja kila mahali: likiandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile kwenye cheti cha shule, lirekebishwe kisheria mapema. Kazi hiyo haifai kuachiwa wiki ya tangazo.

Aliyeajiriwa huanza kipindi cha majaribio, kisha akathibitishwa. Usajili wake, cheo chake na nidhamu yake viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 25 ya mwaka 2015. Awe tayari kupangiwa popote: kijana wa Kayanga anaweza kujikuta Lindi, na wa Lindi akaletwa Kaisho.

Huyo wa Lindi atakutana na jambo lisiloandikwa kwenye cheti chochote. Watoto wengi wa huku huingia darasa la kwanza na Kinyambo, lugha ya nyumbani, na masikio yao hayajatenga r na l. Mtoto ataandika "kura" akimaanisha "kula". Asiyejua chanzo atampa kosa na kuendelea. Mwalimu atasimama, atamwonyesha ulimi unapogusa, atarudia kesho na keshokutwa. Kusoma, kuandika na kuhesabu hujengwa kwa subira ya namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, nenda kamwombe mwalimu mkuu wa shule ya jirani akuruhusu kukaa nyuma ya darasa la kwanza asubuhi moja. Hesabu watoto waliomo. Mfuatilie mmoja anayeshindwa, uone mwalimu anavyomrudia. Ukitoka na hamu ya kurudi kesho, kazitafute zile C tatu.