Kabla Hujaitupa Kompyuta ya Zamani

Katika karakana ya shemeji yangu kule Gitothua, Ruiru, kuna mashine ya kuchonga vyuma inayopokea maagizo kwa waya kutoka kompyuta ya DOS, ile ya kioo cheusi na maandishi matupu. Majuzi mawasiliano yalikatika. Muuzaji mmoja akamshauri atupe zote mbili akope mpya. Vijana wanne wanakula kwa mashine ile, na wala haikuwa mbovu.

Ndugu msomaji, kila tundu la COM lina namba yake ya kumbishia hodi prosesa. COM1 na COM3 kwa kawaida hutumia hodi moja, namba 4. COM2 na COM4 hutumia namba 3. Mashine ilikuwa COM1. Mtu alikuwa amepachika kadi ya modemu iliyopangwa COM3. Nyumba mbili, hodi moja: prosesa itamjuaje anayeita? Kadi ile haikuwa na kazi, tukaichomoa. Ingekuwa yahitajika, tungehamisha vile vijipini vyake hadi namba isiyotumika.

Kisha waya. Kwenye tundu la pini 9 la kompyuta, pini 2 hupokea, 3 hutuma, 5 ni ardhi. Kwenye tundu la pini 25 mambo hugeuka mara nyingi: 2 hutuma, 3 hupokea, 7 ndiyo ardhi. Soma kitabu cha mashine kabla ya kushika risasi ya kuchomea. Mafundi wengi hukisia hapa.

Mwisho, pande zote mbili zikubaliane lugha. Kitabu cha mashine ile kilitaka hivi, nasi tukaandika:

MODE COM1:4800,E,7,2

Yaani biti 4800 kwa sekunde, ukaguzi wa shufwa, biti 7 za data na 2 za kufungia. Ingekuwa witiri, E ingekuwa O. Kosea moja tu, mashine itapokea takataka au ikatae kabisa. Stima ikipotea mpangilio huu hufutika, kwa hiyo tuliuweka ndani ya AUTOEXEC.BAT ujipange wenyewe kila kompyuta inapowashwa.

Kilichonitia hofu ni diski. Michoro yote ya wateja ilikuwa humo, bila nakala hata moja. Waya na kadi bado zapatikana madukani Nairobi. Michoro ile haiuzwi popote. Tulinakili jioni ile ile, kabla ya kuchonga chuma cha kwanza.