Sura ya Nne: Kifafa cha Ukoo, Kifafa cha Mto

Huko Mahenge, wilayani Ulanga nchini Tanzania, kifafa huandama baadhi ya familia kiasi cha ukoo mzima kunyooshewa kidole. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko miaka ya 1960, aliwakuta ndugu wa tumbo moja wakiugua pamoja, na watoto wanaotikisa vichwa kama wanaosinzia. Ni rahisi kusema ugonjwa uko kwenye damu.

Lakini ndugu hawashiriki damu tu. Huchota maji mto mmoja, hulima bonde moja, huumwa na inzi weusi wale wale wanaoeneza usubi. Inzi hao huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na mnyoo wanaouacha mwilini umehusishwa na kifafa cha Mahenge. Nchini Kamerun, watoto waliokutwa na mabuu mengi ya mnyoo huo ngozini ndio waliopata kifafa zaidi walipofuatiliwa miaka mingi baadaye.

Sasa tugeuze upande. Mtoto mchanga, ambaye kwao hakuna mwenye kifafa, anapata homa baada ya chanjo ya kifaduro, kisha degedege lisilokoma. Lawama yote huangukia chanjo. Mwaka 2006 Samuel Berkovic wa Australia na wenzake walichunguza wagonjwa 14 wa namna hiyo: 11 walikuwa na hitilafu katika jeni ya SCN1A, inayoongoza utengenezaji wa vijia vya sodiamu kwenye seli za ubongo. Vijia hivyo vikipungua, seli zenye kazi ya kutuliza nyingine hulegea. Mara nyingi hitilafu hiyo huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana.

Kwa hiyo kifafa kilichojaa katika familia chaweza kutoka mtoni, na kisichojulikana katika ukoo chaweza kutoka kwenye jeni. Mara nyingi mazingira na urithi hukutana: malaria ya ubongo, ajali ya kichwa au uzazi mgumu huwapata wengi, ila ni baadhi tu wanaobaki na kifafa, kwa sababu uwezo wa kustahimili hautofautiani kwa bahati tu, bali pia kwa urithi.

Tofauti hii inaamua tiba. Kabamazepini, dawa ya kawaida ya kifafa, huweza kuzidisha degedege kwa mwenye hitilafu ya SCN1A. Mahenge, kinga inaanzia kwenye vidonge vya ivermectin vinavyogawiwa kijiji kizima, si kwa kuchunguza nani aolewe wapi.