Kilicho Nyuma ya Kigae

Tunapojenga bafu, macho yetu hukimbilia rangi na nakshi ya vigae, tukasahau kuwa kigae ni vazi tu. Ukuta ulio nyuma yake ndio mwili. Maji hupenya polepole katika saruji inayoziba nafasi baina ya kigae na kigae. Yakikuta nyuma kitu kinachonywa maji, vigae hubanduka, na ukungu huhamia chumba walalamo watoto.

Kwa hiyo, tusiikubali bodi ya jasi mahali pa kuogea, hata ikiwa rahisi namna gani. Ikirowa hulainika, na karatasi yake huota ukungu. Kwa kuta za mawe au matofali, bora ni lipu ya saruji na mchanga usio na chumvi, inyweshwe maji kwa siku 7 ipate kukaza. Penye ukuta mwepesi wa mbao, itumike bodi ya saruji, ambayo haiozi.

Hata hivyo, saruji nayo hupitisha maji. Kabla ya vigae, fundi apake dawa ya kuzuia maji mara 2, sakafuni na ukutani hadi juu ya bomba la kuogea. Ikikauka, azibe tundu la kutolea maji, aitie sakafu maji, ayaache saa 24.

Wenye kuishi ghorofani tukumbuke pia haki ya jirani wa chini, ambaye dari lake ndilo sakafu yetu. Wahenga walituusia kuziba ufa. Heri zaidi kuuzuia usizaliwe.