Ugonjwa wa Crohn: Kupunguza bugali ni sawa, lakini kuweka nini pahali pake?

Bugali ya muhogo, wali, ndizi, viazi: mjini Bukavu, wanga ndio unajaza sahani. Kwa wamoja wanaoishi na ugonjwa wa Crohn ao kolite ya vidonda, magonjwa ya matumbo yasiyoambukiza, kuupunguza kunatuliza gesi na kuhara.

Sambaza za Ziwa Kivu, mayai, kuku na avoka zina wanga kidogo. Sombe vilevile, ila ina nyuzi nyingi: wakati ugonjwa umeamka, ao kama utumbo umekuwa mwembamba, nyuzi hizo zinaweza kuleta maumivu, hata kuziba njia. Afadhali lengalenga changa, zilizopikwa mpaka zilainike. Maharagi, nyama ya mwenye mfuko mwepesi, yana protini, lakini pia wanga na gesi.

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2021 ulifuata wagonjwa 194 wa Crohn. Kundi moja lilikatazwa nafaka, viazi na sukari. Lingine lilikula kama watu wa Mediterania, mkate ukiwemo. Kisha wiki 6, karibu nusu ya kila kundi walikuwa na nafuu.

Hatari kubwa ni kukonda. Anayepoteza kilo asiondoe bugali kabla ya kupata cha kuibadilisha, wala asiache dawa za munganga. Na anayehara damu bila kujua sababu aanzie laboratwari: amiba na kifua kikuu cha matumbo vinafanana na Crohn, na dawa kadhaa za kutuliza Crohn zinaweza kuvizidisha.