Pesa Imetoka au Haijatoka? Netiweki Ikikatika Katikati ya Muamala

Boti imetoka Mokowe, inakaribia Amu. Unalipa nauli kwa simu: umeweka kiasi, umeweka namba ya siri, halafu skrini inazunguka tu mpaka inaandika kosa la muunganisho. SMS haijaja na nahodha anangoja. Utume tena?

Usitume kwanza. Ukirudia bila kuangalia salio, unaweza kulipa mara mbili.

Kwa nini inakwama?

Ombi lako hutoka kwenye simu hadi mnara ulio karibu, likapokezwa kituo kwa kituo mpaka kwenye kompyuta zinazotunza akaunti yako. Jibu nalo lina safari yake ya kurudi.

Njia inapovuka bahari kwa madishi ya redio, maji huakisi mawimbi kama kioo. Wimbi lililonyooka na lililoakisiwa hufika pamoja, na wakati mwingine huuana. Maji yakijaa au kupwa, hali hubadilika, hasa siku za bamvua. Ndiyo maana mafundi huweza kufunga madishi mawili kwenye mnara mmoja, moja juu na jingine chini: la kwanza likizidiwa, la pili linapokea.

Wakati mwingine sababu ni rahisi zaidi: uko mbali na mnara, au mnara umelemewa na watu wengi, kama siku za Maulidi.

Kompyuta hujuaje ujumbe umeharibika?

Chukua mvuvi wa Kizingitini anayetuma samaki 40 Amu, na karatasi iliyoandikwa "40". Mpokeaji akihesabu 38, anajua kuna kasoro hata kabla ya kuuliza. Data nayo husafiri na namba ya kuhakikishia. Hesabu isipolingana, ujumbe unakataliwa na kuombwa upya. Kwa hiyo usiogope kwamba shilingi 500 zitageuka 5,000 njiani kwa sababu ya netiweki mbaya.

Tatizo kubwa ni ujumbe kupotea. Likipotea ombi, hakuna kilichofanyika. Likipotea jibu, pesa imeshatoka ila hujaambiwa. Kwenye skrini yako, hali zote mbili zinafanana!

Fanya hivi

1. Ngoja dakika chache. SMS inaweza kuwa njiani.
2. Angalia salio, au taarifa ya miamala ya karibuni. Hilo ndilo jibu la kweli.
3. Muulize unayemlipa kama amepokea.
4. Kama netiweki haipo kabisa, washa hali ya ndege kwa sekunde 10, izime, kisha sogea mahali pa wazi.
5. Salio halijapungua na muamala hauonekani? Sasa tuma tena. Ukiingiza upya, mfumo unaweza kuhesabu huo ni muamala mwingine, hata kama kiasi na namba ni zile zile.
6. Pesa imekatwa na mwenzako hajapata? Piga huduma kwa wateja ukiwa na saa, kiasi na namba uliyotumia. Kama una namba ya muamala, itaje.

Jihadhari

Matapeli hupenda nafasi hii. Mtu akikupigia akisema "muamala wako umekwama, nipe namba ya siri nikusaidie", kata simu. Kurekebisha muamala hakuhitaji umpe mtu namba yako ya siri hata siku moja.

Unauza dukani au unaendesha boti? Waeleze wateja wako hatua ya 2. Kuangalia salio ni kazi ya dakika moja. Kudai pesa iliyolipwa mara mbili inaweza kuchukua siku.